Mkunga, Daktari na Serikali: Nani Aliwalea Watoto wa Matrah?

Kwa karne nyingi Matrah ilikuwa bandari isiyo na gati. Meli kubwa zilitia nanga ghubani, mizigo ikateremshwa kwenye matishari na mashua, kisha wahamali wakaibeba mgongoni mpaka forodhani. Hali hiyo ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bandari ya Sultan Qaboos ilipozinduliwa mwaka 1974, saruji, mchele, magari na dawa za nchi nzima zilianza kupita mlango mmoja, na wengi wanaosimulia habari za Omani mpya huanzia hapo: mafuta, gati, barabara za lami.

Iko hesabu nyingine ya kupigwa mahali hapohapo, nayo ni ya watoto. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1972 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Omani, 118 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na 181 hawakufika miaka mitano. Siku hizi wanaofariki kabla ya miaka mitano ni kama 10 tu katika kila 1,000. Nchi chache duniani zimekwenda mwendo huo kwa kizazi kimoja na nusu. Mafuta yalilipia gharama, hilo halina ubishi. Lakini fedha hazimpimi mtoto uzito wala hazimfundishi mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kazi hiyo ilifanywa na watu, na wa kwanza wao walikuwa kazini zamani kabla hata tone moja la mafuta ya Omani halijauzwa.

Matrah ya zamani ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya ngamia kutoka bara na mwanzo wa safari za majahazi. Kaskazi ikivuma, vyombo viliteremka kuelekea Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ikirudi, navyo vilirudi. Mjini walikaa Waarabu, Mabaluchi, Wahindi, Walawatia ndani ya ukuta wao wa Sur al-Lawatia, na Waafrika ambao wengi walitokana na watu walioletwa utumwani. Matajiri walikuwa na nyumba za mawe zenye roshani zinazotazama bahari. Wahamali, wavuvi na wachota maji waliishi nyuma, katika mitaa kama Jibroo, ndani ya vibanda vya makuti ya mtende. Milima ya mawe meusi iliyouzunguka mji huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Mtoto mchanga katika kibanda kile alikabiliwa na kuharisha, malaria, surua, kifaduro, na pepopunda iliyoingia kwa wembe mchafu uliokata kitovu. Aliyepona hayo aliweza kupofuka kwa trakoma.

Msaada wa kwanza ulikuwa mkunga wa mtaa. Hakuwa na cheti wala mshahara. Alilipwa kwa nguo, mchele au sarafu kidogo, na aliitwa usiku wowote. Baada ya kuzaa, mama alikaa arubaini. Jamaa na majirani walimpikia supu ya kuku, samli, asali na hulba (uwatu), wakamwogesha mtoto, wakawaangalia watoto wakubwa, na kila jioni wakaja kumkalia. Msomaji wa Unguja au Mombasa anaufahamu utaratibu huo bila kuelezwa. Kwa familia ya mhamali aliyelipwa kwa siku, arubaini ndiyo likizo ya uzazi pekee iliyokuwapo, na aliyeigharimia ni mtaa wenyewe.

Haifai kuyapamba maisha hayo. Wakunga wengi wa Omani na Ghuba walikuwa na desturi ya kumwekea mzazi chumvi ukeni kwa siku kadhaa, kwa imani kwamba inakaza misuli na kusafisha. Chumvi ile iliunguza na kuacha makovu, njia ya uzazi ikabana, na mimba iliyofuata ikawa ya hatari: uchungu wa siku mbili tatu, mtoto akifia tumboni, na mara nyingine mama naye akifa. Watoto wagonjwa walichomwa kwa chuma cha moto tumboni au kichwani ili maradhi yatoke. Waliofanya hivyo walikuwa wakijaribu kuokoa maisha kwa elimu waliyorithi, na hakuna aliyekuwa amewaletea elimu nyingine.

Elimu nyingine ilianza kuingia kupitia watu wa misheni, na mlango wake wa kwanza ulikuwa watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1896 Waingereza waliokuwa wakiwinda majahazi ya watumwa waliwakomboa wavulana 18 na kuwaleta Maskati, mwendo mfupi kutoka Matrah. Peter Zwemer, mmishonari kijana wa Kanisa la Reformed la Marekani, aliwachukua, akawapa malazi, chakula na masomo. Yeye mwenyewe alifariki miaka miwili baadaye kwa maradhi. Katika historia ya Omani huenda hapakuwa na nyumba ya kulelea watoto iliyoitangulia ile, na wakazi wake walikuwa watoto walioporwa kutoka upande wetu wa bahari. Ilikuwa huruma ya kweli, na iliambatana na lengo la kuwageuza dini, jambo ambalo wenyeji walilijua na kulikataa kwa heshima kwa muda wote misheni ilipokuwapo.

Mwaka 1909 daktari wa misheni hiyo, Sharon Thoms, alianza tiba Matrah. Alikufa Januari 1913 kwa kuanguka alipokuwa akitandaza waya wa simu kati ya Matrah na Maskati. Mwaka huohuo Dk. Sarah Hosmon alifungua zahanati ya wanawake Maskati. Hosmon alikuwa na mguu wa bandia tangu utotoni, na kwa zaidi ya miaka 20 alizalisha, akatibu watoto na kuingia katika nyumba ambazo daktari mwanamume asingekaribishwa. Hapo ndipo wanawake wa mji walipoanza kupata mahali pa kupeleka uchungu uliokwama. Katika miaka ya 1930 misheni ilijenga hospitali Matrah chini ya Dk. Paul Harrison, na mwaka 1939 akaja Wells Thoms, mwana wa yule aliyeanguka, aliyekaa mpaka 1970. Hospitali ya Matrah ikawa ya watu wote. Ile ya Maskati ikawa ya wanawake na uzazi. Kwa miaka mingi hizo mbili ndizo zilizobeba karibu tiba yote iliyostahili jina hilo katika nchi yenye ukubwa wa theluthi moja ya Tanzania.

Kwa nini serikali haikuongeza nyingine? Umaskini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika kumbukumbu za Kanali David Smiley, Mwingereza aliyeongoza majeshi ya Sultani tangu 1958 hadi 1961. Anasimulia hoja ya Sultan Said bin Taimur: nchi hii ni maskini na haiwezi kulisha watu wengi, vifo vya watoto wachanga ndivyo vinavyozuia idadi isizidi, zahanati zikijengwa watoto wataishi, kisha watakufa njaa. Ni kweli kwamba tangu 1958, kwa fedha za Uingereza, idara ya maendeleo chini ya Hugh Boustead ilifungua vituo vichache vya afya. Lakini hoja ya Sultani ilibaki kuwa sera, hata baada ya meli ya kwanza ya mafuta kuondoka mwaka 1967. Katika ile mitaa ya makuti maana yake ilikuwa moja: kifo cha mtoto kilihesabiwa kuwa sehemu ya mpango wa uchumi.

Ilipofika Julai 1970 Omani nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali, mojawapo Saidiya ya Matrah iliyofunguliwa 1959, na wanafunzi 909, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Maskati mjini, anayetembea usiku baada ya malango kufungwa alilazimika kubeba kandili. Mtu na afikirie mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku katika mji wa namna hiyo.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos alimwondoa madarakani baba yake, Sultan Said. Mmoja wa miito yake ya kwanza ulikuwa kwa Waomani walio nje: rudini. Kwa Waswahili sehemu hii ya habari ni ya nyumbani kabisa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 maelfu ya watu wenye asili ya Omani walikimbia Unguja na Pemba. Sultan Said alifungua mlango kwa wachache, waliobaki wakatawanyika Dubai, Kuwait, Cairo na Uingereza. Sasa walikuja, wakiwa na kitu ambacho nchi ilikikosa: elimu ya skuli, Kiingereza, uzoefu wa ofisi, na, jambo kubwa kwa habari hii, wanawake waliosoma. Wengi walikaa eneo la mji mkuu. Walishika kazi za ukarani, ualimu, uuguzi na benki, na Kiswahili kikasikika katika wizara mpya na katika wodi. Baadhi ya Waomani waliobaki nyumbani waliwatazama kwa shaka, wakiwaona wageni kwa lugha na mavazi. Shaka hiyo iliwaumiza, na mpaka leo haijaisha yote.

Ilikuwa pia mwanzoni mwa miaka ile ambapo kikundi cha wanawake wenye elimu, baadhi yao waliorejea kutoka nje, kiliunda Jumuiya ya Wanawake wa Omani mjini Maskati. Serikali iliitambua mwaka 1972. Walifundisha kusoma na kuandika, ushoni, usafi na malezi, na baadaye matawi yake mengi yakatenga sehemu ya kuwatunza watoto wadogo wakati mama zao wako darasani. Jumuiya hii hutajwa kwa mstari mmoja katika vitabu vya historia, na mstari mmoja hautoshi. Wizara mpya zilikuwa bado zinatafuta meza na viti, nao walikuwa tayari wamekaa na akina mama.

Hospitali za misheni ziliingizwa serikalini. Ile ya Matrah ikaitwa al-Rahma, na ndani yake likaanza darasa la kuwafundisha vijana wa Omani uuguzi. Mwaka 1974, bandari ilipozinduliwa, hospitali za Khoula na al-Nahda nazo zilikuwa zikifunguliwa nyuma ya milima, upande wa Ruwi. Wauguzi wengi walitoka India, Kerala hasa. Madaktari wengi walitoka India, Misri na Sudan. Ni haki kuwataja, kwa sababu simulizi rasmi hupenda kuruka kutoka kwa Sultani mpaka kwa jengo.

Bandari yenyewe ilifanya kazi yake kimyakimya: maziwa ya unga, majokofu ya kuhifadhia chanjo, saruji ya vituo vya afya. Ilifanya pia jambo moja lisilokusudiwa. Kwa kuwa na wafanyakazi wa kudumu na mishahara ya mwezi, iliwatoa wahamali katika mapato ya kubahatisha. Baba anayejua tarehe ya mshahara humnunulia mtoto dawa leo bila kusubiri jahazi litie nanga.

Chanjo zilipewa mpango wa taifa mwaka 1981. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikuwa wakichanjwa, na mama wa Matrah alikuwa na kadi mbili mkobani, ya kijani ya ujauzito na ya waridi ya mtoto. Kliniki ilikuwa na utaratibu wake: mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, uzito unatiwa nukta kwenye kadi, nukta zinaunganishwa. Mstari ukipanda, mama anarudi nyumbani. Ukilala au kushuka, anaulizwa: ananyonya? ameharisha? nani anamlisha ukienda sokoni? Kadi ya kumi ikipitiwa hivyo, muuguzi anakuwa ameshajua mtaa mzima unakula nini.

Hata hivyo, kati ya Januari 1988 na Machi 1989 polio iliwapata watu 118 nchini, wengi wao watoto wadogo, katika nchi ambayo chanjo ilikwishawafikia wengi. Wataalamu walioichunguza waliandika juu yake katika jarida la Lancet, na Omani ikafanya kampeni za kuchanja tena nchi nzima. Tukio lile lilifunza kwamba asilimia kubwa kwenye karatasi haitoshi. Lazima mtu ajue ni mtoto yupi, wa nyumba ipi, aliyekosa dozi. Na anayejua hilo ni jirani.

Ndipo mwaka 1992 Wizara ya Afya ilipoanza kuunda vikundi vya wanawake wa kujitolea katika jamii. Walipewa mafunzo mafupi, kisha wakatembea nyumba hadi nyumba: kuhimiza kunyonyesha, kukumbusha tarehe ya chanjo, kueleza pakiti ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Oktoba 1994 ukafuata mpango wa kupanga nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine, bila malipo. Katika miaka ya 1980 mwanamke wa Omani alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya saba, na mwili usiopumzika ulikuwa ukijifungua watoto wepesi na dhaifu. Kwa hiyo, baada ya miaka 20 ya kujenga hospitali, serikali ilirudi kubisha hodi mlangoni, mahali ambapo yule mkunga wa zamani alikuwa hajapata kuondoka. Kama wakunga wale wangefundishwa tangu mwaka 1970 na kupewa wembe safi, huenda watoto wengi wangenusurika mapema zaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na njia yake, bila mafuta. Mwaka 1986 Mombasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation na baada ya viongozi wa Kiislamu kuomba msaada kwa elimu ya watoto wao, Bi Swafiya Said alianza kuwafundisha wanawake wa mitaa ya kimaskini kuendesha skuli za watoto wadogo zilizochanganya chuo cha Kurani na malezi ya kisasa. Mtaa ulitoa chumba na kumchagua mwalimu. Vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, kombe na vifuniko vya chupa. Mpango ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, na umezaa mamia ya skuli. Familia zilizogawanyika kati ya Matrah na Unguja zimeziona njia zote mbili: upande mmoja serikali tajiri iliyoanza na hospitali kisha ikamtafuta jirani, upande wa pili majirani walioanza wenyewe na mpaka leo wanahangaika kupata mshahara wa mwalimu. Ukiniuliza lipi gumu zaidi kulipata baadaye, ni mtaa wenye mazoea ya kujiendeshea mambo yake. Fedha huweza kuja mwaka mmoja.

Kwa upande wa Omani, sheria zilifuata kazi kwa nyuma. Mwaka 1984 sheria ya dhamana ya jamii iliwapa wajane, waliotalikiwa na mayatima posho ya kila mwezi. Shirika la Afya Duniani liliiweka Omani nafasi ya nane duniani katika ripoti yake ya mwaka 2000 kuhusu mifumo ya afya. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitaja kuwa nchi iliyopiga hatua kubwa kuliko zote katika maendeleo ya watu tangu 1970. Na mwaka 2012 ikawa ya kwanza kuthibitishwa kuwa imeitokomeza trakoma, yale maradhi yaliyokuwa yakipofua watoto wa makutini.

Agosti 2014 shehena za biashara zilihamishiwa Sohar, na Bandari ya Sultan Qaboos ikabaki na meli za watalii na wavuvi. Mwaka huohuo Omani ilipata Sheria ya Mtoto. Familia nyingi za Kiomani zilikwishahamia Seeb, Mawaleh na Amerat, kwenye nyumba zenye ua. Nyumba kuukuu za nyuma ya soko la Matrah zimekodishwa kwa wafanyakazi kutoka India, Pakistan na Bangladesh.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Julai 2023 ndiyo kubwa kuliko zote. Tangu Januari 2024 kila mtoto wa Kiomani, awe wa waziri au wa mvuvi, hupata riali 10 kwa mwezi tangu kuzaliwa mpaka miaka 18. Mama mfanyakazi ana siku 98 za likizo ya uzazi, na baba siku saba. Arubaini iliyokuwa ikigharimiwa na mtaa sasa imeandikwa kwenye mfuko wa taifa, tena kwa zaidi ya mara mbili. Anayeikumbuka hoja ya Sultan Said ataona umbali uliokwendwa, na ni jambo la kuwashukuru wote walioupita, kuanzia mkunga asiyejulikana jina.

Mwezi huohuo wa Julai 2023 ilitoka pia sheria mpya ya kazi, nayo haiwahusu watumishi wa nyumbani. Hao sasa ndio walezi wa watoto wachanga katika nyumba nyingi za Maskati: wanawaogesha, wanawalisha, wanawabembeleza, wengine kwa Kiswahili, maana wengi wametoka Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu, ikieleza pasipoti zilizochukuliwa, saa za kazi zisizo na kikomo na mishahara isiyolipwa. Wengi wao ni akina mama. Watoto wao wenyewe hubaki kwa bibi au kwa mama wadogo, Tanga, Unguja, Mombasa au Kampala, wakilelewa kwa fedha zinazotumwa kutoka Maskati, pale mwajiri anapolipa.